Moshi wa Buluu kwenye Mteremko wa Lurujo

Mtoto alikuwa akilia tena nje ya kituo cha polisi cha Koboko, na Inspekta Zuhurah akashindwa kumaliza chai yake. Alisogea dirishani. Laetitia, mke wa mahabusu, alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile la jana, bakuli la chakula limefunikwa miguuni pake, mtoto amefungwa mgongoni kwa taulo. Taulo lenyewe lilikuwa fupi. Kila lilipolegea, Laetitia aliinama, akamrusha mtoto juu kidogo, akakaza fundo, na mtoto akaanza kulia upya kama mtu aliyedhulumiwa.

"Huyo mtoto haumwi?" Zuhurah aliuliza.

Konstebo Anguzu hakuinua kichwa. "Haumwi, afande. Tangu baba yake iko ndani, analia tu."

Anguzu alikuwa kijana mchapakazi, na kesi hii aliiona yake kwa sababu ndiye aliyemkamata Ruffin. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Asubuhi ya siku ya soko, pikipiki ilimgonga Mzee Severino, askari mstaafu, kwenye kona ya mteremko unaoshuka kuingia Lurujo. Mwendeshaji hakumwacha barabarani. Alimpakia, akamfikisha kituo cha afya, akamkabidhi kwa muuguzi Stella Kiden bila kutamka neno, helmeti kichwani na jaketi kubwa la mashindano mwilini, kisha akaondoka zake. Mzee sasa alikuwa amelazwa Arua, nyonga imevunjika, na dawa za maumivu zilikuwa bado hazijamwacha atoe maelezo. Mama Régine, mwuza mandazi wa pale juu ya mteremko, aliona moshi wa buluu na kunusa oili iliyoungua. Pikipiki ya porini yenye kutoa moshi wa namna hiyo ilikuwa moja tu Koboko nzima, na jaketi lile kila mtu alikuwa amewahi kulishangilia kwenye mashindano ya Pajulu. Vyote viwili vilikuwa mali ya Ruffin, fundi aliyehamia kutoka upande wa Kongo. Alipoulizwa, Ruffin alisema ni yeye. Mchana huu gari lilikuwa limpeleke mahakamani Arua, na hakuna aliyetegemea arudi karibuni.

"Amekubali mwenyewe, afande," Anguzu alisema. "Sasa tunatafuta nini tena?"

Zuhurah alivuta mfuko wa vielelezo, akatoa kitenge cha njano chenye maua ya zambarau. "Muuguzi anasema mzee aliletwa amefungwa mgongoni kwa hiki. Bodaboda wakibeba mgonjwa asiyejiweza, wanamfunga na nini?"

"Na mpira. Ile ya tyubu."

"Na Ruffin ni fundi. Karakana yake imejaa tyubu."

"Lakini kitenge kila mutu iko nayo, afande."

"Sawa. Niletee Ruffin."

Ruffin aliingia akitazama sakafu. Alikuwa mwembamba, mikono imeingia weusi wa oili usiotoka kwa sabuni yoyote. Zuhurah alimpa kiti na kumsogezea chai ile ile iliyomshinda.

"Habari za mzee tuziache kwanza," alisema. "Baba yangu alikuwa mpeleka barua wa jeshi, mimi nimekulia juu ya tangi la pikipiki yake. Niambie kitu kimoja. Wenzako wote wa mashindano wamehamia fostroki, zile za mipigo minne. Wewe mbona umeng'ang'ania tustroki, hii ya mipigo miwili?"

Uso wa Ruffin ulibadilika. Ilikuwa kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. "Wenzangu iko bavivu, afande. Tustroki iko nyepesi. Kila pistoni inapanda, inawaka. Fostroki inapanda mara mbili njo inawaka mara moja. Mi nikifungua mafuta, inaruka! Mu matope fostroki inalala kama ng'ombe, miye yangu nabeba na mikono, naendelea."

"Lakini inakunywa oili."

"Inakunywa, ndiyo. Fostroki iko na oili yake mu tumbo, inakaa palepale. Tustroki haina. Unachanganya oili ndani ya petroli, inaungua pamoja, njo maana ya moshi. Miye nachanganya mingi, sipendi injini yangu iteseke."

"Na kwenye mteremko?"

"Pale fostroki inanishinda, siwezi kukudanganya. Ukifunga mafuta, injini yenyewe inakushikilia, unashuka polepole. Tustroki haishiki kitu. Na ukiifungia mafuta gia iko ndani, oili haifiki, unaua injini. Kwa hiyo unavuta klachi, unashuka kimya, unategemea breki."

"Hata siku ile ulishuka hivyo? Kimya?"

"Kimya kabisa," Ruffin alisema upesi, na mwanga ule usoni ukazimika.

"Mzee ulimfunga na nini?"

Nje mtoto alilia. Ruffin aligeuza kichwa kuelekea dirishani. "Sikumbuki, afande. Peleka miye Arua, tumalize."

Alipokwisha kurudishwa ndani, Anguzu alikuwa na swali machoni. Zuhurah alivaa helmeti juu ya hijabu yake. "Chukua funguo za pikipiki ya Ruffin na funguo za pikipiki yetu. Tunaenda kumsikiliza Mama Régine."

"Nilishaandika maneno yake, afande."

"Uliandika macho yake na pua yake. Masikio hukuyauliza."

Mama Régine alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliwapokea kwa mandazi kabla hawajasalimiana vizuri, kisha akamnyooshea Anguzu kidole chenye unga. "Ule kijana! Miye nilisema moshi, yeye akaandika Ruffin. Miye sikusema Ruffin hata siku moja. Mutu sikumuona, miti inaficha kona. Nilisikia kishindo, nikatoa kwanza mandazi mu mafuta, njo nikakimbia, nikakuta barabara tupu na nyanya."

"Nyanya?" Zuhurah aliuliza.

"Nyanya zilikuwa zimelala mu barabara, nzuri, kubwa." Mama Régine alisita, akacheka kwa aibu. "Basi, nilipika. Ningeziacha ziliwe na mbuzi?"

Anguzu alitoa daftari, akaandika nyanya. Fundi wa pikipiki hauzi nyanya, na jambo hilo hakuhitaji kuelezwa.

Zuhurah alimwomba Mama Régine aketi mgongo ukielekea barabara, asigeuke hata akiitwa. Alianza na pikipiki ya Ruffin. Alikuwa hajaendesha injini ya mipigo miwili tangu ujana wake, na ilipomrusha mbele kwa mlio wake mwembamba wa hasira, alijikuta anacheka peke yake ndani ya helmeti. Juu ya mteremko alivuta klachi. Mlio ulikatika, akashuka kama baiskeli, upepo tu masikioni, breki ya mbele ikimwokoa kwenye kona.

Alipopanda tena, Mama Régine alikuwa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. "Hapana. Harufu iko hii, moshi iko hii. Lakini hii imepita kama mwizi. Ya siku ile ilikuwa inaongea ikishuka."

Mara ya pili Zuhurah alichukua pikipiki ya polisi, injini ya mipigo minne, nzito kama ilivyosemwa. Juu ya mteremko alitia gia ya pili, akafunga mafuta, akaacha injini imshikilie. Ilinguruma chini kwa chini njia nzima, bu-bu-bu-bu, polepole, na breki hakuigusa mpaka mwisho.

Mama Régine alijipiga mapajani. "Njo hii! Hii njo sauti! Ilikuwa inalalamika hivi hivi kama mume wangu akipanda kitanda." Kisha akanusa hewa. "Lakini moshi iko wapi?"

"Fostroki nzima haitoi moshi," Anguzu alisema. "Labda ringi yake ya pistoni imekufa, afande."

"Au imelishwa chakula cha mwenzake," Zuhurah alisema. Alibaki ameshika andazi ambalo hakulila. Moyo ulikuwa umeanza kumlemea kwa sababu alikwisha kuona njia hii inakoelekea, na mwishoni mwake hapakuwa na mtu ambaye angefurahia kumkamata.

Karakana ya Ruffin ilikuwa nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka soko la Koboko. Mama yake mzazi aliwafungulia, akawaachia nafasi bila kuuliza. Ndani palikuwa na pikipiki moja tu, nyekundu, ya porini, injini ya mipigo minne. Ilikuwa ya Swaibu, mfanyabiashara wa mbao, aliyeiacha itengenezwe breki. Breki ya mbele ilikuwa imefunguliwa yote na kuwekwa juu ya gunia.

Zuhurah alifungua tangi, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba. Kiliteleza. Alinusa, akampa Anguzu naye anuse. Kisha akafungua plagi. Ilitoka nyeusi na imelowa, oili imeganda kwenye ncha yake. Ukutani kilisimama kidumu cha Ruffin cha mafuta yaliyochanganywa, nusu yake imekwisha.

"Sema unachoona," alimwambia Anguzu kwa upole. Alipenda kumwona kijana akifika mwenyewe.

Anguzu alichuchumaa. Alitazama tangi, akatazama kidumu, akatazama breki juu ya gunia. "Hii pikipiki njo ilishuka Lurujo. Tangi ilikuwa haina kitu, mutu akachukua mafuta ya Ruffin, ile ya kuchanganya, akaweka. Njo moshi. Na breki ya mbele haiko, kwa hiyo alishuka na gia. Njo ile ngurumo." Aligusa kidumu kwa kiatu. "Lakini Ruffin hawezi kuweka oili mu fostroki, afande. Hata kwa kulewa. Angeona bora aende kwa miguu."

"Hawezi. Ni mtu wa nyumba hii, mwenye haraka, anayejua kidumu kinakaa wapi lakini hajui kilichomo. Mtu wa kwenda na nyanya sokoni."

"Na anajua kushuka na gia bila breki."

"Alifundishwa vizuri," Zuhurah alisema. "Aliyemfundisha anampenda."

Anguzu aliondoa kofia yake, akaikunja mkononi. "Tangu juzi mi napita mbele yake pale benchi, afande. Nampatia habari ya asubuhi."

Waliporudi kituoni gari la Arua lilikuwa limeshawashwa. Laetitia alisimama alipoona askari wanakuja, akahisi labda wanakuja kumchukua mumewe, na mtoto akaamka na kulia. Zuhurah alimketisha, akaketi karibu naye. Hakuuliza kitu. Alitoa kitenge cha njano kwenye mfuko, akakiweka magotini pake.

"Mfunge na hiki, Mama Jolie. Taulo linamchosha."

Mikono ya Laetitia ilitangulia kabla ya akili. Alifungua taulo, akamlaza mtoto mgongoni, akapitisha kitenge chini ya makwapa, akakaza fundo juu ya kifua. Jolie alisugua uso kwenye nguo ile, akavuta pumzi moja ndefu yenye kwikwi, akanyamaza. Kimya kikaingia uwanja mzima wa kituo. Dereva wa gari mwenyewe aligeuka kutazama.

Ndipo Laetitia alipotambua alichoshika. Machozi yalimtoka tu, hakuyafuta.

"Boda hakuja," alisema. "Nyanya zilikuwa za soko la Lurujo, mvua ilizipiga, zisingevumilia siku ingine. Ruffin alienda na pikipiki yake Ariwara kutafuta vyuma vya ile breki, na miye nilikuwa na ile nyekundu pale. Mtoto nilimwachia mama ya Ruffin. Tangi tupu, nikaona kidumu. Mafuta ni mafuta, nilijisemea. Jaketi ya Ruffin nilivaa juu, watu wasinicheke."

"Na mzee?"

"Aliingia mu barabara. Nilipiga honi, nilipiga tena, hakugeuka. Nilikuwa polepole, mama, nakuapia, lakini breki ilikuwa ya nyuma tu." Alishika fundo la kitenge kwa mikono miwili. "Alikuwa analia kama mtoto. Peke yangu siwezi kumushika na kuendesha. Nikamfunga namna namfunga Jolie. Sijui namna ingine."

"Kwa nini hukusema neno kwa muuguzi?"

"Angesikia niko mwanamke. Leseni sina. Jolie iko ananyonya bado." Aligusa mguu wa mtoto. "Ruffin alirudi, akaona kidumu, akaona plagi, akajua bila kuniuliza. Polisi walipokuja akatoka mbele yangu. Jana nilitaka kusema, akaniambia pale dirishani: nyamaza, mtoto anahitaji maziwa, na miye maziwa sina."

Zuhurah alitazama upande kidogo. Alikuwa amehoji wezi wa kila namna, na hakuna aliyewahi kumfanya atamani kuwa na kazi nyingine. Sheria ilikuwa wazi. Kumtoa Ruffin garini kulitaka kumtia Laetitia mahali pake, pamoja na mtoto mgongoni, isipokuwa mtu mmoja aseme vingine, na mtu huyo alikuwa kitandani Arua.

"Pandeni wote," alisema. "Tutapitia hospitali kwanza."

Ruffin, pingu mikononi, alipomwona mkewe anaingia garini na kitenge cha njano kifuani, alifumba macho. Laetitia aliketi kando yake, akaweka kiganja chake juu ya pingu, akakiacha hapo mpaka paa za kwanza za Arua zilipoonekana.

Mzee Severino alikuwa macho, ameegeshwa kwenye mito miwili, mguu umevutwa kwa uzito. Uso ulikuwa umekonda lakini ndevu zimechanwa vizuri, kazi ya binti yake Concy, aliyewapisha kwa heshima na kusimama ukutani. Zuhurah alimpigia saluti. Ilimfurahisha mzee, akajaribu kurudisha.

"Mzee wangu, nimekuja kuchukua maneno yako. Nani alikugonga?"

"Hakuna mtu alinigonga vibaya," Severino alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ya kijeshi. "Andika vizuri, afande. Mimi nilikuwa nafuata mbuzi yangu, mimi niliingia barabara bila kuangalia. Sikio hii ya kushoto ilibaki kwa mizinga, na hii ingine sasa iko inazeeka. Honi mimi sikusikia. Kosa iko yangu."

"Yule mwendeshaji utamtambua?"

"Uso, hapana. Ilikuwa na ile kofia." Aliwatazama mmoja mmoja: konstebo, mwanamume mwenye pingu, mwanamke mwenye mtoto. Kidole chake kikamwelekea Ruffin. "Mwambie huyu ageuke."

Ruffin aligeuka. Anguzu alimsogeza karibu na kitanda. Severino aliweka kiganja mgongoni pake, akakitoa mara moja.

"Huyu, hapana. Huyu iko mifupa."

Laetitia alifungua fundo kifuani, akamtoa Jolie, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine karibu, akamweka katika mikono ya Ruffin iliyofungwa. Pingu zililia kidogo. Mtoto alizishika, akaanza kuzichezea. Kisha Laetitia akapiga magoti kando ya kitanda na kumpa mzee mgongo.

Severino aliegemeza paji la uso katikati ya mabega yake, pale pale alipokuwa amelala siku ya soko.

"Ile siku ulikuwa unasema neno," alisema, macho yamefumbwa. "Njia yote, neno moja. Kwa sikio sikusikia. Ilikuwa inakuja kwa mfupa, hapa, mgongo yako kwa kichwa yangu. Mimi nilisema, bora nife huku mtu ananiambia hii neno. Halafu sikukufa. Sema tena."

Laetitia aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa kitanda.

"Pole, baba," alisema. "Pole, baba. Tunafika. Pole, baba."

Mzee hakuinua kichwa. Tabasamu lilianza kwenye ndevu, likapanda taratibu hadi machoni, na Concy pale ukutani akafunika mdomo kwa mkono.

"Ni huyu," Severino alisema. "Andika, afande. Huyu hakunikimbia mimi. Huyu alinibeba."

Zuhurah aliandika maneno yale kama yalivyotamkwa. Leseni ingebidi Laetitia aijibie kwa watu wa trafiki, na uongo wa Ruffin ungebidi uandikiwe maelezo yake marefu, lakini hayo yalikuwa ya kesho. Alimtazama Anguzu. Kijana alikuwa tayari ameshika ufunguo wa pingu, anasubiri, kwa kuwa Jolie alikuwa amelala akiwa ameng'ang'ania pingu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na moyo wa kumwamsha.